Kichaa cha mbwa: Mbona twamsahau paka?

Katika sensa ya Agosti 2019, makarani waliwauliza wananchi habari za ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia, punda, nguruwe, sungura na kuku. Hata mizinga ya nyuki ilihesabiwa. Paka hakuulizwa. Mnyama huyu yumo jikoni, yumo kwenye ngazi za maghorofa, yumo chini ya meza za samaki sokoni na juu ya mabati usiku tunapotaka kulala, lakini hana nafasi katika daftari la taifa.

Msomaji anaweza kuuliza kuna hasara gani. Paka hakamwi, hapelekwi mnadani, wala hakuna benki inayomkubali kuwa dhamana. Hasara ipo, nayo ni ya afya. Serikali hupanga bajeti ya kitu ilichokihesabu, na mwenye nyumba hutenga pesa za mnyama anayemwona ana thamani. Paka amekosa kote kuwili, na matokeo yake ni kwamba wengi wa paka wanaolala na watoto wetu hawajawahi kuona sindano ya chanjo.

Chanjo ninayosema ni ya kichaa cha mbwa. Jina hilo limefanya kazi nzuri na kazi mbaya. Zuri ni kwamba linamtaja mkosaji mkuu bila kumficha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika visa 99 kati ya 100 aliyeuleta kwa binadamu ni mbwa. Hapa Kenya, ambako uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1912 kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, vifo hukadiriwa kufikia 2,000 kwa mwaka. Baya ni kwamba mtu akisikia kichaa "cha mbwa" huona paka hahusiki. Mtoto akiumwa na mbwa wa jirani, mtaa mzima hutoka nje na kelele. Akiumwa na paka, mama humwambia aache kumchokoza.

Virusi vya ugonjwa huu havisomi majina. Mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuvipata. Paka hana kichaa chake mwenyewe kinachozunguka kati ya paka na paka. Yeye huambukizwa na mbwa aliyemng'ata wakipigania mifupa, au na mnyama wa mwituni kama mbweha. Lakini akishaambukizwa, huwa hatari hasa. Hujificha mahali penye giza, chini ya kitanda au nyuma ya magunia, kisha huruka ghafla na kung'ata usoni au mkononi bila kuchokozwa. Wapo pia wanaopooza tu, wakadondokwa na mate, na mwenye huruma akawafungua kinywa kutafuta mwiba.

Tukitaka kuona paka anavyoweza kusahauliwa, tutazame Marekani. Huko walichanja mbwa kwa miaka mingi hadi kichaa cha mbwa kwa mbwa kikadidimia kabisa. Kuanzia mwaka 1981, mnyama wa kufugwa nyumbani anayegunduliwa mara nyingi zaidi kuwa na virusi hivyo nchini humo si mbwa tena bali ni paka. Kila mwaka hupatikana zaidi ya 200, waliovipata kwa wanyama wa mwituni. Mbwa alichanjwa, paka akaachwa azurure. Sisi tunayo mikakati ya kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka 2030, na bado gari la chanjo likipita mtaani na kipaza sauti, neno linalosikika ni mbwa. Paka akitajwa huja mwishoni, wakati watu wameshageuka kurudi ndani.

Basi afanye nini aliyeng'atwa au kuparurwa na paka asiyejulikana chanjo yake? Jambo la kwanza hufanyika nyumbani, na halihitaji pesa: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Si dakika 2. Virusi hivi huharibiwa na sabuni, na wataalamu husema uoshaji huo peke yake huokoa maisha. Mafuta ya taa, pilipili, tumbaku na majani ya kutafunwa hayana kazi hapo. Kisha ni kwenda hospitalini siku hiyohiyo. Mparuro unaotoa damu ni jambo la hospitali pia, maana paka hulamba makucha yake mchana kutwa na mate ndiyo yanayobeba virusi. Daktari ataanzisha mfululizo wa sindano, na pakiwa na jeraha lililopenya ngozi huongezwa dawa ya kingamwili inayochomwa palepale kwenye kidonda. Sindano hizo zina ratiba; mwenye kupigwa ya kwanza na ya pili akaona nafuu akaacha, amejidanganya. Mtu hukaa miezi 2 au 3 kabla ya dalili kutokea, wakati mwingine zaidi, na dalili zikishatokea hakuna dawa.

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa kwa hasira. Paka aking'ata mtu, vijana humfuata kwa marungu, wakamuua na kumtupa mtoni. Wamemtupa shahidi. Paka au mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu, atazamwe kwa siku 10. Akiwa bado mzima siku ya 10, hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyong'ata. Akifa, daktari wa mifugo hutaka kichwa chake kipelekwe kupimwa, kama inavyofanyika katika maabara kuu ya mifugo kule Kabete. Hata hivyo aliyeumwa asikae akisubiri siku hizo 10 ziishe ndipo aende hospitalini. Huenda kwanza, daktari ndiye ataamua.

Na tuseme paka huyo hana kichaa. Bado jeraha lake si la kupuuzwa. Meno ya mbwa hurarua, kwa hiyo damu hutoka nyingi na mtu hushtuka. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Hupenya hadi kwenye mishipa na viungo vya vidole, kisha ngozi hujifunga juu yake na bakteria wakabaki ndani. Madaktari hukadiria kuwa kati ya majeraha 10 ya kung'atwa na paka, 3 hadi 5 hutunga usaha. Fundi cherehani aliyeng'atwa kidole cha gumba na kungoja siku tatu kwa kuwa tundu lilikuwa dogo, anaweza kukosa kukikunja kidole hicho tena. Hapo sijataja pepopunda.

Sasa tuje kwa paka wenyewe, maana hatuwezi kuwatibu wote kwa dawa moja. Yuko paka wa nyumbani, mwenye mtu wa kumlisha na kumwita. Yuko wa mtaani, ambaye aliwahi kuwa na mtu au bado anajua mikono ya watu: ukimtupia kichwa cha samaki atakuja, ukikaa naye wiki moja atakupanda mapajani. Na yuko yule aliyezaliwa chini ya kontena au ndani ya mtaro, asiyewahi kushikwa na mtu. Wapo wanaomwita paka shume, ingawa jina hilo zaidi ni la dume kubwa lililohama nyumba. Tofauti hii ya wawili wa mwisho hutengenezwa mapema sana. Mtoto wa paka hujifunza kuwazoea binadamu kati ya wiki ya 2 na ya 7 tangu kuzaliwa. Wiki hizo zikipita bila mkono wa mtu, aghalabu hatafugika tena, hata akipewa maziwa kila siku.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tunapenda kusema paka wa mtaani "wametoka tu". Hawakutoka tu. Fuatilia ukoo wa paka yeyote aliye pale Gikomba au Kongowea, na hutarudi nyuma vizazi vingi kabla ya kumfikia paka aliyekuwa wa nyumba fulani. Familia ilihama ploti, mwenye nyumba mpya hataki wanyama, paka akaachwa mlangoni. Au jike lilizaa watano, wakatiwa kwenye gunia na kutupwa karibu na bucha, kwa kuwa bucha ina nyama na mwenye kutupa hataki kujiona mkatili. Katika mtaa ninaokaa huwa tunajua mwisho wa mwezi umefika kwa idadi ya paka wanaolia milangoni.

Uzazi wao ni wa haraka. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, yeye mwenyewe bado akionekana mtoto. Hubeba kwa wiki 9, na anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Katika nchi za baridi, uzazi husimama wakati wa siku fupi za kipindi cha baridi kali, kwa maana mwili wa paka hufuata urefu wa mchana. Sisi tuko kwenye ikweta, mchana wetu ni ule ule Januari hadi Desemba, na paka wetu hawana likizo.

Lakini nawaonya wasomaji dhidi ya hesabu moja maarufu, isemayo kwamba jike mmoja na uzao wake hufikia paka 420,000 kwa miaka 7. Hiyo ni hesabu ya kalamu, si ya mtaani. Inachukulia kuwa kila mtoto anaishi. Watafiti wa jimbo la North Carolina, Marekani, walifuatilia watoto 169 wa paka wasio na wenyewe na kutangaza matokeo mwaka 2004: 127 walikufa au kupotea kabla ya kutimiza miezi 6, wengi kwa magari na mbwa. Ni 3 katika kila 4. Kwangu mimi hesabu hii inatisha kuliko ile ya 420,000. Inatuambia kwamba paka hao hawajai mtaani kwa sababu nusu ya kazi ya kuwapunguza inafanywa na magurudumu, njaa na mbwa, mbele ya macho ya watoto wetu waendao shuleni.

Wengine huona njia ya mkato ni sumu. Nyama huchanganywa na dawa ya wadudu ya mashambani, ikaachwa nyuma ya jengo usiku, na asubuhi wafagiaji wakaokota mizoga. Sitaki kuzungumzia ukatili peke yake, ingawa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ipo na haikuandikwa kwa mapambo. Nazungumzia afya. Sumu ile ile hudonolewa na kuku wa jirani, hushikwa na mtoto anayetambaa, huoshwa na mvua hadi mtaroni. Na haifanyi kazi iliyokusudiwa.

Kuna kisiwa kiitwacho Marion, mali ya Afrika Kusini, kusini kabisa katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1949 paka 5 walipelekwa huko wawinde panya kwenye kituo cha hali ya hewa. Kufikia 1977 walikadiriwa kuwa 3,400 na walikuwa wakila ndege wapatao 450,000 kila mwaka. Serikali ikaamua kuwamaliza. Ilianza kwa kuwaachia virusi vya ugonjwa wa paka mwaka huo huo, ikaleta wawindaji wenye bunduki na kurunzi, kisha mitego na sumu. Paka wa mwisho alipatikana mwaka 1991. Ilichukua miaka 14, katika kisiwa kisicho na mkaaji ila wanasayansi, kisicho na bucha wala jaa la taka, na ambako hakuna paka mwingine aliyeweza kuingia kutoka kwingineko. Nani basi atamaliza paka wa Mombasa kwa kilo mbili za nyama yenye sumu? Huko Tasmania, Australia, watafiti waliwaondoa paka wachache wachache kwa miezi 13, na kamera zikaonyesha idadi imepanda badala ya kushuka. Wakubwa walipoondolewa, wageni walikuja kugawana eneo. Chakula kikibaki, nafasi haikai wazi.

Njia inayofaa ni ya polepole: kuwanasa paka wa mtaani, kuwafunga kizazi, kuwachanja, kuwakata ncha ndogo ya sikio ili wajulikane, na kuwarudisha walikotoka. Paka hao hukaa kwenye eneo lao, hawazai, na hawaruhusu wageni ovyo. Chama cha kuwatunza wanyama, KSPCA, hufanya kazi hiyo Nairobi. Italia iliingiza ulinzi wa paka wa mtaani katika sheria mwaka 1991 na kuwakataza watu kuwaua. Lakini tusijidanganye kwamba operesheni chache zinatosha. Kuhasi paka 2 kati ya 10 ni kupoteza pesa, kwa kuwa wale 8 watajaza pengo. Ni lazima sehemu kubwa ya paka wa eneo moja wafanyiwe kwa muda mfupi, kisha ndipo mtu ahamie eneo la pili.

Hapa nina neno kwa ndugu zetu wenye huruma wanaowalisha paka wa mtaani kila jioni. Kumlisha jike asiyefungwa kizazi ni kumsaidia kuzaa. Kama unaweza kununua omena za paka 12, jiunge na majirani mfanye na lile jingine. Pwani, watu wanamheshimu paka kwa misingi ya dini. Si najisi, na habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula zinajulikana hata na watoto wa chuoni. Mtu akitembea Lamu asubuhi huona heshima hiyo kwenye diko la samaki. Daktari wa mifugo haipunguzi heshima hiyo. Na ni kutoka pwani hiyo ndiko alikotoka paka wa Sokoke, yule mwenye madoa kama gome la mti ambaye Wagiriama humwita khadzonzo. Mwaka 1978 mkulima mmoja wa huko, Jeni Slater, aliwafuga watoto wake, baadhi ya uzao ukapelekwa Denmark, na leo ni kabila la paka linaloonyeshwa mashindanoni Ulaya. Huko ana kadi ya chanjo. Jamaa zake walioko Kilifi wana bahati wakipata mifupa.

Wengi wataniambia tunafuga paka kwa ajili ya panya, nao wana historia upande wao. Paka alijileta mwenyewe kwa wakulima wa kale kwa kufuata panya waliofuata nafaka, na huko Cyprus mifupa ya paka ilikutwa imezikwa kando ya mtu miaka 9,500 iliyopita. Panya tunawajua: tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto. Hata hivyo paka ni mwindaji wa kipanya kidogo cha stoo. Panya buku wa mtaroni anampita kwa kiburi. Kule Brooklyn, New York, watafiti waliweka kamera penye panya wengi na paka wa mtaani kwa siku 79, wakaona paka wakijaribu kuua mara 3 tu na kufaulu mara 2. Panya walijificha zaidi, basi. Anayetaka kupunguza panya mtaani aanze na taka.

Limebaki suala la akina mama waja wazito, ambalo huniletea maswali mengi. Ni kweli paka anaweza kubeba kimelea cha toksoplasma, na kimelea hicho kikimwingia mama kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, macho yake au ubongo. Lakini paka hukitoa katika kinyesi kwa wiki 1 hadi 3 tu, kwa kawaida mara moja katika maisha yake, na kinyesi hicho huhitaji siku 1 hadi 5 kabla hakijaweza kuambukiza. Kwa hiyo mchanga wa paka ukitupwa kila siku, na ukitupwa na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa huwaambukiza watu pia. Mama anayemtupa paka barabarani kisha akaenda kula nyama choma yenye damu hajajikinga. Ama pumu, kinacholeta shida si unywele wenyewe, bali protini iliyo katika mate na ngozi ya paka, nayo huwasumbua wenye mzio. Mwenye pumu asilale naye chumba kimoja.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kutunza maslahi yao. Imetaja leseni za mbwa kwa jina. Haikumtaja paka kwa jina, lakini yeye ni mnyama, na hakuna mwakilishi wa wadi atakayeshtakiwa kwa kuuliza bungeni kwao paka wangapi walichanjwa mwaka uliopita. Ningependa kuona swali hilo likiulizwa.

Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni Septemba 28, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, ambaye mwaka 1885 chanjo yake ilidungwa mtoto Joseph Meister. Kaunti nyingi huchanja wanyama karibu na siku hiyo. Paka huanza kuchanjwa akiwa na miezi 3, kisha baada ya mwaka, kisha kwa ratiba atakayoandika daktari wa mifugo. Wengi huacha kumpeleka kwa sababu paka hafungwi kamba kama mbwa. Akisikia mbwa wakibweka kwenye foleni huparura na kutoroka. Mtie katika kikapu chenye kifuniko au katoni iliyotobolewa matundu, weka ndani kitambaa alicholalia, funika juu kwa kanga asione nje, na ufike mapema kabla mbwa hawajajaa. Kadi atakayopewa ihifadhiwe pamoja na kliniki za watoto.